Barua za Ijumaa

Walikutana kwenye lifti iliyojaa pomoni asubuhi. Fundi wa kompyuta alikuwa amekumbatia mashine nzito, na mhasibu wa ghorofa ya nne amebanwa ukutani akiwa na gauni lake la kijani.

"Kaka, hilo dude lako litanichania gauni!"

"Samahani, bosi. Ndilo litakalokuletea barua pepe zako."

"Basi libebe kwa adabu."

Utani ule ulizaa chai, chai ikazaa simu za kila jioni. Mapenzi ni kikohozi. Ofisi nzima ikajua.

Mashine ile ilikuwa mwanzo tu. Kampuni ilikuwa inabadilisha mfumo wa seva zake zote pamoja na ule wa barua pepe, na kazi ya kuhamisha kila kitu ilimwangukia fundi.

"Mpenzi," mhasibu alimwambia, "marehemu baba alikuwa akiniandikia kazini kila Ijumaa. Sauti yake sina popote, nina barua hizo tu. Zisipotee."

"Niachie mimi."

Jumatatu mfumo mpya ukawashwa. Hata mlinzi wa getini alisoma barua zake. Mhasibu akafungua upande wake, akakuta patupu. Akampigia fundi simu.

"Za watu wote zipo, zangu ziko wapi?"

"Zako bado, mpenzi. Nimeziweka mwisho."

"Mwisho! Kumbe ndiko niliko kwako?"

Akakata. Fundi alipiga tena na tena, hakupokelewa. Mhasibu aliumia kwelikweli, maana kilichomkera si barua peke yake. Alidhani amejua thamani yake kwa fundi.

Jumatano fundi alipanda mwenyewe ghorofa ya nne, shati limekunjamana, macho mekundu kwa uchovu.

"Fungua sasa."

Akafungua. Barua za baba zilikuwapo zote, tangu ile ya kwanza ya kumuuliza kama amekula. Machozi yakamtoka.

"Kwa nini hukuanza na zangu?"

"Anayetangulia ndiye anayebeba makosa yangu. Nilianza na za kwangu, nikakosea, zikafutika. Ndipo nikajua pa kuwa mwangalifu."

"Zikafutika zote? Hata nilizokuandikia mimi?"

"Hata hizo." Alijaribu kutabasamu, akashindwa.

Mhasibu alifuta machozi, akavuta kibodi, akaandika. Simu ikalia mfukoni mwa fundi. Akaitoa, akasoma barua ya kwanza katika sanduku lake tupu:

"Ijumaa njoo nyumbani. Nataka mama amwone mtu aliyenitunzia baba."