Zamu ya Sabah

Magharibi ilipokaribia, Sabah alipanda paani kuanua nguo. Kazi ndogo tu, lakini ilimlazimu kupita mbele ya chumba cha Bi Mahbuba, mke mwenzake, na hilo lilimuudhi kila jioni.

Marehemu Msellem aliwaacha wajane wawili. Enzi za uhai wake kila mmoja alikuwa na nyumba yake: Bi Mahbuba, mke mkubwa, kijijini Yiti; Sabah, mdogo, mjini, Khuwair ya Kusini. Zamu alizigawa kwa haki. Alipokufa, mama yake akaona wote wakae eda nyumba moja, kwa Sabah, apate kuwatazama kwa urahisi. Watu wasiopeana hata mkono wa Idi! Wakagawana nyumba, mmoja juu, mmoja chini.

Sabah alikuwa na mimba changa. Alikuwa pia na neno ambalo hakumwambia mtu. Usiku wa ajali ulikuwa zamu yake. Waligombana, akamwambia mumewe, "Nenda kwa mwenzangu. Zamu yangu nimempa." Hasira hasara. Msellem akashika njia ya Yiti, na mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilikuwa zimeshajaza wadi, bonde linalokatiza njia hiyo. Maji yakamzoa yeye na gari lake.

Sasa, nguo zikiwa begani, Sabah akasimama mlangoni kwa Bi Mahbuba.

Udi.

Mjane hajifukizi udi ndani ya eda. Tena huu ulikuwa udi wa Msellem hasa, ila umechanganyika na harufu ya tope bichi. Ndani ya chumba Bi Mahbuba alikuwa akinong'ona.

"Zamu yangu mimi... Yeye kanipa... Kanipa mwenyewe..."

Mtu mwingine angeogopa. Sabah alishikwa na wivu. Hata akifa anamwendea yeye! Na ulimi hauna mfupa.

"Nilimpa kwa hasira!" akasema kwa sauti. "Nairudisha. Zamu ni yangu!"

Mnong'ono ukakatika.

Kitu kikampita ubavuni. Baridi. Kikaanza kushuka ngazi, taratibu, kwa viatu vilivyojaa maji... chwap... chwap... Sabah hakuona mtu. Aliona tope tu likibaki kwenye vidato.

Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukamvuta ndani, komeo likarudi. Bi Mahbuba alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Sabah aliona haya kwamba hakuwahi kumtazama.

"Umefanya nini, Sabah?"

"Nnamtaka mume wangu."

"Si yeye. Wallahi si yeye, na sijui ni nini. Kila magharibi linakuja na sauti yake, linakuulizia wewe na hicho kilichomo tumboni. Nami nnaliambia, zamu yangu, kanipa. Basi linakwama hapo nje mpaka isha. Sasa hivi lilikuwa limesimama na wewe."

Sabah akakaa kitini.

"Nani alikwambia nilikupa zamu?"

"Mwenyewe. Alinipigia simu kabla hajatoka kwako."

"Ulijua siku zote? Mbona hukunisema kwa watu?"

"Ningekusema ndo angerudi?" Bi Mahbuba alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mimi sikujaaliwa kuzaa. Hicho ulichobeba katuachia sote wawili. Sasa nyamaza. Likiita, usiitikie."

Chini, mlango wa Sabah ukagongwa.

Ukagongwa tena.

Kisha ngazi... chwap... chwap... Harufu ya tope ikapenya chini ya mlango.

"Sabah..."

Ilikuwa sauti ya Msellem, ile ya asubuhi, kabla hajanywa kahawa. Kiganja cha Bi Mahbuba kikamziba mdomo.

"Sabah, mke wangu. Nshakusamehe. Fungua nikwambie mwenyewe."

Machozi yakamtiririka juu ya vidole vya mwenzake. Tangu mazishi hakuna kitu alichokililia kama neno hilo. Msikitini wakaadhini isha, na nje pakawa hakuna kitu.

"Limekwambiaje?" akauliza Bi Mahbuba. "Safari hii mimi nimesikia maji tu."

"Sikusikia kitu," akasema Sabah.

"Kesho tutakaa hapa sote. Tutashikana mikono. Sawa, mwanangu?"

"Inshallah."

Usiku kucha alijiambia: si yeye. Alijua si yeye. Alishika tumbo lake akaapa kwamba anajua.

Jua la siku ya pili lilipozama, Bi Mahbuba alimsubiri juu. Akamwita mara ya kwanza, akamwita tena, sauti ikipanda. Chini, Sabah alikuwa ameshaoga na kutandika shuka safi. Hakuitikia. Akalifungua komeo mapema, mlango akauacha wazi kidogo, kisha akakaa kitandani upande wake, akamwachia mumewe nafasi.