Miiba Mibichi ya Fremu ya Saba

Zege lilimwagwa Jumatatu asubuhi. Alhamisi fundi Chediel alichomeka kidole kwenye nguzo, na kidole kikazama mpaka kwenye pete ya ndoa.

Huyu si fundi wa jana. Amejenga kuanzia Same mpaka Manyoni, miaka ishirini na mitatu, na hajawahi kuona zege la siku tatu, kwenye jua la Singida la mwezi wa kumi, likitikisika kama uji wa mgonjwa. Akachomoa kidole, akakinusa. Hakikunuka saruji hata kidogo. Kilinuka mchanga uliolowa, ile harufu ya mtoni ukichimba kisima kwa mikono na maji yakaanza kujikusanya chini.

"Mama Mboni," akaita. "Hebu njoo uone mwenyewe."

Mama Mboni ndiye Saada Abdillahi, na kama hujawahi kununua kitu kwake basi wewe ni mgeni wa wiki hii. Fremu zake sita za maduka ziko pembezoni mwa mji, zinatazama Mto Ighuka. Tunauita mto kwa heshima tu. Maji yanapita wakati wa mvua, miezi mingine ni mchanga mtupu, na mwenye kiu anachimba. Fremu sita zilikuwa zimejaa, Saada akataka kuongeza sita nyingine upande wa ukingoni. Ndipo yakaanza. Mara ramani irudiwe, mara mpimaji kasafiri, mara ukingo umemong'onyoka ikabidi ujengwe ukuta wa mawe kwanza. Miaka minne! Mwingine angeshauza kiwanja akaenda kulea wajukuu.

Yeye hakuuza. Na sasa kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Wanawake sita waliokuwa wakiuza juani pale ukingoni walikuwa wamevunja vibanda vyao kupisha msingi, bila karatasi, kwa neno lake tu. "Mvua ya kwanza itawakuta ndani," aliwaambia, mkono juu. Kama nguzo hazingesimama kabla ya mvua, mto ungekula msingi na kibali kingekwisha, na wale wanawake wasingekuwa na mbele wala nyuma.

Kwa hiyo usimwambie mtu kama huyo kwamba zege halishiki.

"Saruji mbovu hiyo," alisema. "Vunjeni, mmwage upya."

Wakavunja, wakamwaga upya kwa saruji ya duka jingine. Siku ya tatu ikawa yale yale. Wakavunja tena. Ilikuwa nguzo ya kwanza ya jengo jipya, kona ya fremu ya saba, na bila hiyo hakuna kinachoendelea.

Mara ya tatu Chediel aliamua kuilinda. Saa saba mchana, vibarua wakiwa wamelala chini ya turubai na hata mbwa wa mtaani wametafuta kivuli, yeye alikaa kwenye ndoo mbele ya nguzo. Upepo ukatulia. Upepo wa Singida kutulia mchana, hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili ainuke aondoke. Chediel akabaki, na ndani ya nguzo akasikia chwap.

Akadhani ni zege linashuka. Kisha akasikia tena, chwap, halafu mlio wa maji yakimiminwa kwenye chungu, halafu kimya cha mtu anayepumzisha mgongo, halafu chwap nyingine, na akaelewa, huku jasho lake likigeuka baridi, kwamba mle ndani ya mbao na nondo, mahali ambapo hata panya asingeenea, kulikuwa na mtu ameinama anachota maji kwa kibuyu, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Mpaka alasiri vibarua wawili walikuwa wameacha koleo zao na kupanda bodaboda. Waliobaki walikuwa wanamtazama Manase, dereva wa lori la mchanga, Mnyaturu wa Ilongero. Manase alikuwa anamtazama Saada.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Unajua."

Alijua. Mwezi wa tisa alipanda lori mwenyewe kwenda kuchagua mchanga, maana Saada hapendi kuchaguliwa hata nyanya. Juu ya mto walikuta shimo la kisima limefunikwa kwa matawi ya mgunga. Mtu wa huku hahitaji kuambiwa maana yake. Anayechimba kisima mchangani hukifunika kwa miiba jioni, ng'ombe wasitumbukie na mwingine asiguse. Miiba ikiwa juu, kisima kina mwenyewe, na hakiguswi mpaka miiba ioze yenyewe. Ile haikuwa imeoza. Ilikuwa mibichi, na majani yake, wakati migunga yote ya ng'ambo ilikuwa imepukutika kwa ukame. "Mama, hiki kina mwenyewe," Manase alisema siku ile. Saada akatazama huku na huku. Hapakuwa na njia wala unyayo. "Mwenyewe yuko wapi?" akasema. "Mchanga msafi hivi tuuache kwa ajili ya miiba? Toa." Manase akatoa.

Na ndio mchanga waliokuwa wakichanganyia zege.

Siku ya pili aliitwa Maalim Haji, mzee ambaye akisoma, watu wanasema, hata homa inashika adabu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Niwekeeni mkeka hapo."

Akaketi mbele ya nguzo na kuanza kusoma. Wale wanawake sita walikuja kutazama, wamejikusanya mwisho wa msingi, khanga mdomoni. Mmoja wao alikuwa Winfrida, muuza kuku, Mnyiramba wa Kiomboi, mwanamke mpole ambaye hata bei hajui kuipandisha. Saa saba ilipofika upepo ukatulia, harufu ya mchanga mbichi ikapanda kutoka ardhini mpaka watu wakawa wanaionja kwenye ulimi, na kutoka kwenye nguzo ikaanza chwap, chwap, ya haraka safari hii, na Maalim akapandisha sauti, na chwap ikapanda naye, na Winfrida akatoka katikati ya wenzake akitembea kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, shingo imenyooka, mkono mmoja juu umeshika kitu kisichoonekana, maji yakimtiririka usoni na kifuani, maji ya wapi jamani, mto umekauka tangu mwezi wa tano! Akasimama mbele ya mkeka, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi kizee, kwa Kinyaturu cha zamani ambacho Winfrida hakijui hata salamu.

"Anasemaje?" Saada akanong'ona.

Manase akamsogelea. "Anauliza nani kafunua kisima chake."

Kila jicho likamwendea Manase, na maskini ya Mungu akafumba macho akisubiri. Hapo Saada angeweza kunyamaza. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini akapiga hatua mbele.

"Mimi," akasema. "Manase alinikataza. Mwambie ni mimi, Saada."

Sauti ikacheka kidogo, kisha ikasema neno moja.

"Anasema toka."

"Sitoki."

"Mama Mboni!" Maalim akasema kwa hofu. "Usibishane naye. Huyu si wa kufukuzwa kwa kisomo. Huyu ni wa hapa, tangu kabla ya mji. Wewe ndiye uliyemwingilia. Funga kazi, mwanangu, uondoke salama."

"Maalim, nakuheshimu kama baba. Kama umeshindwa, pumzika, upewe maji. Mimi bado." Akamgeukia Winfrida, au kile kilichokuwa ndani ya Winfrida. "Nimekukosea. Nimefunua kisima chenye mwenyewe, na hilo naliomba radhi mbele ya watu. Miiba nitairudisha kwa mikono yangu. Lakini kutoka, sitoki. Mama yangu ameuza togwa kwenye ukingo huu, na hawa unaowaona wamevunja vibanda kwa neno langu."

Manase akatafsiri. Jibu likaja refu.

"Anasema atazinywa nguzo zako zote. Moja baada ya nyingine."

"Azinywe. Nitamwaga nyingine mpaka saruji iishe Tanzania nzima, halafu nitaagiza ya nje. Tuone nani atachoka." Wanawake wakaguna. Saada akashusha sauti. "Au tupatane. Mchanga wake umeshaingia kwenye fremu ya saba, siwezi kuutenganisha. Basi fremu ya saba ni yake. Sitaipangisha, sitaifungua, nitamwekea miiba mlangoni ijulikane ina mwenyewe. Zilizobaki tano aziache zishike."

Winfrida alisimama hivyo kwa muda mrefu, mkono juu, maji yakichuruzika mpaka kwenye vidole vya miguu. Kisha akauteremsha mkono taratibu, kama anayetua mtungi, akaanguka, wenzake wakamdaka.

Jioni ile Saada alifika kisimani na panga, akakata matawi ya mgunga na kuyapanga juu ya shimo mpaka viganja vikavuja damu. Hakukubali kusaidiwa. Tawi moja alilibeba mpaka saiti, akaliweka chini ya nguzo. Asubuhi Chediel aligonga nguzo kwa nyundo, ikalia kama jiwe. Fundi mzima akalia machozi.

Jengo lilisimama. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe tatu Desemba, na iliwakuta wanawake wote sita ndani. Watano kwenye fremu mpya, na wa sita Saada alimpisha nusu ya duka lake mwenyewe, maana neno ni neno. Fremu ya saba ilipigwa geti la chuma na kufuli, tawi la mgunga kizingitini. Watu wenye fedha walikuja kuiulizia. "Ina mwenyewe," Saada akajibu.

Lile tawi halijakauka mpaka leo.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Mwezi wa pili, siku ya Ijumaa, Winfrida alimfuata Saada dukani, amekunja khanga mkononi.

"Mama Mboni," akasema taratibu, "njoo uwaone kuku wangu."

Fremu ya Winfrida ni ya nane. Kuku wote, thelathini na kitu, walikuwa wamesimama kwenye matenga wakiuelekea ukuta wa fremu ya saba, midomo wazi, hakuna anayelia. Ukuta ulikuwa umelowa kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Saada akaweka kiganja. Upande wa pili, karibu sana, karibu kama mtu aliyeegemeza kichwa, ikasikika chwap.

Yule bibi wa kisima naye, kumbe, alikuwa anapanua biashara.

"Tuhame?" Winfrida akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Niambie ukweli. Tuhame?"

Hasira ilikuwa imempanda Saada mpaka masikioni. Alitoka na panga, akavuka mpaka ng'ambo kwenye mgunga, akarudi na tawi lenye miiba mirefu kama vidole. Akaliegemeza kwenye ule ukuta uliolowa, kwa ndani, upande wa Winfrida.

"Sheria ni yako, mimi nimejifunza kwako," akauambia ukuta. "Hapa nako kuna mwenyewe."

Chwap haikusikika tena siku ile. Kuku mmoja akafunga mdomo, kisha wote.

Asubuhi ukuta ulikuwa umekauka. Tawi la Saada nalo lilikuwa limekauka, jeusi, limenyonywa mpaka magome, wakati la fremu ya saba lilikuwa na majani mapya. Saada alilitazama, akalitupa, akaenda kukata jingine.

Ndivyo anavyofanya mpaka sasa. Ukipita Ighuka kabla maduka hayajafunguliwa utamwona anavuka mchanga na panga, mikono ina makovu kama ya mkata mkonge. Juzi Maalim Haji alimuuliza atafanya hivyo mpaka lini, umri nao unakwenda.

"Nikichoka," Saada alisema, "Winfrida anajua mti ulipo."

Winfrida alikuwa nyuma yake, ameshika tawi.