Jizla Tatu za Boma la Mlozo

Zama zile misafara ya pembe ilipokuwa ikipita Uzigua, Amiri Mngodo alizingirwa na adui ndani ya boma la Mlozo, yeye na watu wake, jumla tisini. Msaada ungefika baada ya siku nane. Ghalani mlikuwa na jizla tatu za mtama, na hesabu aliipiga mwenyewe: jizla moja pishi sitini, pishi moja vibaba vinne. Vibaba mia saba na ishirini. Kila mtu kimoja kwa siku, siku nane kamili.

Asubuhi ya siku ya saba ghala lilikuwa tupu.

Mngodo alimkazia macho Makame, mtunza ghala, mtu wa pwani asiye na ndugu pale. Tangu juzi alikuwa akimwona akizungukazunguka penye uzio. Akitafuta nini?

"Vibaba mia na themanini vimekwenda wapi?"

"Vimeliwa, Amiri."

"Na nani? Panya wenye mikuki?" akadakia Nyange, mshika bendera. "Mtupe nje ya lango, Amiri. Akawapakulie rafiki zake."

Nje ya lango kulikuwa na kifo. Makame akatoa pishi na kibaba cha kupimia. "Kwanza nileteeni mchanga mkavu wa penye uzio. Ndio niliokuwa nikiutafuta."

Mngodo alihisi hila. Akakishika kibaba, akakipapasa ndani na nje. Hakikuwa na kasoro. Akaruhusu, mkono ukiwa juu ya kitara, upanga wake.

Makame akajaza pishi mchanga, akaifuta juu kwa kijiti hadi ikawa sawasawa na ukingo. "Mtama tuliupokea hivi, kwa pishi ya mfuto." Kisha akachota kwa kibaba, kila kimoja akikirundika hadi kikafanya kichuguu. Kimoja. Viwili. Vitatu. Pishi ikaisha.

"Cha nne kiko wapi?" akauliza Nyange.

"Kimekwenda juu ya hivi vitatu, kwenye vichuguu. Siku ya kwanza nilitaka kuvifuta. Nikakatazwa."

Mngodo ndiye aliyemkataza. Katika ukoo wake, kumpa mpiganaji kibaba kilichofutwa ilikuwa aibu.

Akaondoa mkono kwenye kitara. "Nimekuonea, Makame. Niwie radhi." Akawageukia watu. "Jana mlikula. Kesho hamtaweza hata kuinua ngao. Fungueni lango sasa!"

Adui, aliyengoja njaa imfanyie kazi, alikutwa akiota moto, ngao chini. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekimbia.

Waliosimulia vita vile walisema Amiri alitoka mapema kwa kuwa simba hangoji kusaidiwa. Mngodo aliwasikia hadi uzeeni, wala hakuwasahihisha.