Mfuko wa Udongo Uliovuka Mpaka

Asubuhi ile Mama Pacha na mumewe walikuwa wanapalilia mahindi. Mahindi yalikuwa na miezi miwili, lakini hata magotini hayakufika. Majani yalikuwa ya njano, na mengine yamegeuka zambarau pembeni.

"Mbolea tumetia. Mvua imenyesha," alisema mumewe. "Sasa haya mahindi yanataka nini? Tuyaimbie?"

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa na mapacha wawili nyumbani, na wote wanakula kama watu wazima.

Mara wakasikia pikipiki. Alikuwa Dokta wa Udongo. Si daktari wa hospitali. Ni mama mmoja wa maabara ya udongo, na watu walimpa jina hilo kwa sababu hupima mashamba kama wengine wanavyopima wagonjwa. Mwaka uliopita alipita nyumba kwa nyumba akiomba mfuko mmoja wa udongo kutoka kila shamba.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Dokta. Habari za kazi?"

"Nzuri, ila leo nimekuja na swali." Aliyatazama mahindi. Akaitazama simu yake. Akayatazama tena mahindi. "Hili ndilo shamba lililotoa mfuko namba kumi na saba?"

"Ndilo," alijibu mume.

"Haiwezekani!"

Aliwaonyesha ramani kwenye simu. Ilijaa vidoa vyekundu. Katikati kulikuwa na kidoa kimoja tu cha kijani.

"Kila kidoa ni mfuko mmoja," alieleza. "Tukishapima, majibu tunayaingiza kwenye kanzidata. Kanzidata ni kama ghala, ila humo hatuweki magunia. Tunaweka taarifa: udongo umetoka wapi, una uchachu gani, una rutuba gani. Nchi saba tunatumia ghala hilo moja."

Jembe lilimponyoka Mama Pacha. "Nchi saba? Udongo wetu unajulikana nchi saba?"

"Ndiyo, dada. Ukivuka ule mto, unaingia nchi nyingine, lakini udongo ni ule ule. Wakigundua jambo kule, linatusaidia huku. Sasa tazama. Hivi vyekundu ni vya jirani zenu, wote wana udongo wenye uchachu mkali. Wenu peke yake, hiki cha kijani, unaonekana mzuri, hauhitaji kitu. Jana wenzetu wa ng'ambo wameniandikia: huo mfuko una kasoro."

Mama Pacha aliinama akaokota jembe. "Kwani mfuko mmoja unadhuru nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ng'ambo ya mto kulikuwa hakujapimwa. Kompyuta ikakadiria kwa kuangalia mfuko uliokuwa karibu zaidi. Ndio huu wenu. Wakulima wa kule wakaambiwa hawahitaji chokaa ya kupunguza uchachu. Ni kaya arobaini." Dokta alishika jani la njano. "Mahindi yao sasa hivi yako hivi."

Mama Pacha alikaa chini pale pale kwenye tuta, mikono kichwani. Kaya arobaini! Watu ambao hajawahi kuwaona hata kwa mbali!

"Dokta, nisamehe," alisema. "Ule udongo sikuuchota huku."

Mumewe aligeuka. "Uliuchota wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Pale tunapomwaga majivu na samadi ya mbuzi. Huku ulikuwa mbaya, nikaona aibu. Nilitaka na sisi tuonekane watu."

Mumewe alisema, "Mke wangu, umetafuta sifa mpaka kwenye udongo?"

Dokta hakugomba. "Na mimi nina kosa. Nilikuachia mfuko mlangoni nikaondoka mbio. Sikukuonyesha pa kuchota. Njooni tuanze upya."

Walilipita shamba kwa mwendo wa kupinda-pinda, huku na huku. Walichota sehemu kumi na tano. Waliepuka njia, vichuguu na mahali palipowahi kurundikwa samadi. Kila shimo lilikuwa na kina cha shibiri moja.

"Kwa nini shibiri moja kila mahali?" aliuliza mume.

"Ndicho kina tulichokubaliana nchi zote saba. Mmoja akichota juu na mwingine chini, namba zetu hazilinganishiki."

Walichanganya udongo wote kwenye ndoo safi, wakachukua kiasi cha nusu kilo, wakaukausha kivulini. Safari hii Mama Pacha aliandika lebo kwa mkono wake: namba, tarehe, kina.

Baada ya wiki tatu majibu yalirudi. Udongo ulikuwa na uchachu mkali kuliko wa jirani wote.

"Kwa hiyo mbolea yetu yote ile?" Mama Pacha aliuliza, macho yamemtoka.

"Nyingi imepotea bure. Uchachu unadumaza mizizi. Chakula kipo, mmea haukifikii. Tieni chokaa ya kilimo kwa kipimo nilichoandika hapa. Ichanganyeni na udongo mapema, miezi miwili kabla ya kupanda."

Walifanya hivyo. Msimu uliofuata mahindi yaliwapita urefu. Mwaka ule mbaya walivuna magunia manne. Sasa walivuna kumi na tatu, na mume akalazimika kuhamisha kitanda ili magunia yapate nafasi.

Siku moja Dokta alikuja na sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Alikuwa mwanamke wa ng'ambo, na lafudhi yake ilikuwa ngeni.

"Dada, hunijui," ilisema sauti. "Tuliambiwa kuna mtu upande wenu aliyesema ukweli kuhusu mfuko wake. Wakaja kutupima na sisi. Tumetia chokaa. Leo nimevuna mpaka mgongo unauma. Asante."

Mama Pacha alimwomba Dokta airudie. Akaisikiliza mara tatu, mkono mdomoni.