Mgeni Aliyependa Kucheka

Mvua za mwezi wa sita zilikuwa zimekaa wiki nzima, na nguo za mwanangu Sanae nilizianika ndani, kwenye kamba ya ukumbini. Wali ulikuwa jikoni. Chumba cha pili mdogo wangu Kiyonobu alikuwa anachora. Ndivyo tulivyoishi pale mtaani Nerima tangu mume wangu afariki: mimi napika, yeye anachora, mtoto anacheka.

Kiyonobu alikuwa mchora katuni za kuchekesha, katika jarida la kila wiki. Wajukuu zangu, msidhani ni kazi ya raha. Anayechora mapigano anaweza kuiburuta ngumi moja wiki tatu, na wasomaji wakangoja. Anayechekesha kila wiki anaanza mikono mitupu. Yeye alikuwa na kinyozi mmoja mwenye upara anayeogopa nywele, na kinyozi huyo alishamnyonya miaka saba. Mdogo wangu alikuwa na macho ya mzee. Akila, anasinzia kijiti cha kulia kikiwa mdomoni.

Mimi shule niliiacha nikiwa mdogo, ila katuni zina herufi ndogo nyepesi pembeni mwa zile ngumu, kwa ajili ya watoto, basi mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake wa kwanza. Nikicheka, anapeleka. Nikinyamaza, anachana. Lakini mwaka ule nilipata kibarua cha kufungasha figili, na asubuhi hakuwa na mtu wa kumsomea.

Siku moja narudi, naona mto wa kukalia umetandikwa pembeni mwa chumba chake, umetazama meza.

"Huu wa nani?"

"Usiuondoe, Dada. Wa msomaji. Siwezi kuuchekesha ukuta."

"Basi si umpe na chai kabisa!" nikamtania.

Akampa kweli. Kikombe, kisahani, kila kitu. Nikacheka, nikaenda zangu jikoni. Lakini kwetu mto hautandikwi ovyo. Ukiutandika na kumimina chai, umeshasema karibu.

Alasiri ile ya mvua ninayowasimulia, nilikuwa namenya figili. Nikasikia kicheko chumbani kwa Kiyonobu. Chembamba, cha kuvuta pumzi ndani, kama mtu anayefyonza supu ya moto. Nikajisemea, masikini, leo amejichekesha mwenyewe.

"Dada, nipe maji," akasema Kiyonobu. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

Hakuogopa. Hilo ndilo lililonitia baridi. Alikunywa yale maji machozi yakimwagika. "Umesikia? Anacheka, Dada. Miaka saba nachora, leo ndiyo nimemsikia mtu anacheka hivi."

Kuanzia hapo kazi ikafunguka. Anasoma kwa sauti, ile pembe yenye mto inacheka, anapeleka. Kadi za kura za wasomaji zikaja kwa magunia, kinyozi akapanda hadi nafasi ya kwanza. Mhariri wake, Bwana Hirasaka, alikuwa akija kila wiki kuchukua kurasa. Bonge la mtu, akicheka milango ya karatasi inatetemeka, na mwisho lazima akohoe. Kwetu mchora katuni huitwa Mwalimu. "Mwalimu, utaniua! Nina watoto mimi!"

Wiki moja akasoma mpaka ukurasa wa mwisho bila sauti.

"Mbaya?" akauliza Kiyonobu.

"Nzuri, Mwalimu. Najua ni nzuri." Akajishika koo. "Ila kicheko hakitoki."

Akavaa viatu, akaenda zake mvuani, mabega yameshuka. Nilikuwa bado sijafunga mlango wa nje niliposikia kicheko chake. Kilitoka pembeni, pale kwenye mto. Kizima kizima. Na mwisho kikakohoa.

Nikamwambia Kiyonobu, ondoa mto. Akasema wiki moja tu, Dada. Ikapita. Akasema nyingine tena.

Kisha ikawa zamu ya Sanae. Alikuwa na miaka sita, mtoto wa kucheka hata kijiko kikianguka. Asubuhi moja namvalisha, nikamtekenya mbavuni kama kawaida. Akanitazama tu.

"Mama, inawasha."

Nikamtekenya tena. Uso mkavu. Nikavuta mashavu yangu, nikafanya nyani. Akanihurumia, akanipapasa kichwa. Na nyuma ya mlango wa karatasi, mwanangu akacheka.

Nikachukua ufagio.

Kwetu mgeni asiyetaka kuondoka anasimamishiwa ufagio mpini chini, nyuzi juu, nyuma ya mlango, na kitambaa juu yake. Mama yangu aliwaondoa wengi hivyo. Nikausimamisha. Nikafunga kitambaa.

Kimya.

Kisha kile kitu kikaanza kucheka. Kwa sauti ya Sanae. Kikacheka ufagio wangu mpaka kikapata kwikwi.

Kiyonobu alikuja akakaa karibu nami sakafuni. Alinong'ona.

"Haondoki kwa sababu anafurahi."

"Basi asifurahi."

Aliitazama mikono yake, ile ya wino. "Dada, unajua unachoniomba? Sina kazi nyingine ninayoijua."

"Mtoto hacheki, Kiyo."

Akaenda mezani.

Wiki ile alimchora kinyozi anasubiri maji yachemke. Kurasa kumi na tano. Birika, kinyozi, birika. Akaisomea pembe kwa sauti bapa, kama anasoma bei za sokoni. Pembe ikacheka sana. Ilidhani mzaha uko mbele. Bwana Hirasaka alizigeuza kurasa huku na huku.

"Mwalimu, mbona hamna kitu?"

"Hamna."

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu. Chukua."

Wiki ya pili, birika lile lile. Pembe ikacheka kidogo. Ya tatu, ikaguna. Kadi zikakauka, kinyozi akasukumwa nyuma kabisa ya jarida, na mwishowe wakamwambia: hii iwe ya mwisho. Mdogo wangu akaichora ya mwisho. Maji hayakuchemka. Akaisoma, mimi nimemkumbatia Sanae jikoni, nimemziba masikio.

Hakuna kicheko.

Akageuza ukurasa. Hakuna.

Kisha mwayo. Mrefu. Wa mtoto aliyechoshwa.

Kiyonobu aliniambia baadaye kwamba ule mto ulinyanyuka taratibu, ukajaa, kama mto unavyojaa mtu akiinuka.

Nikaachia masikio ya Sanae. Figili ilidondoka toka mezani, ikabiringika hadi mguuni kwake. Akacheka. Nilimwangalia mdomoni, niliona meno, niliona ulimi. Kicheko kilitoka kwake. Nililia juu ya sinki kama mjinga.

Kiyonobu hakuchora tena. Alipata kazi ya kuwasha moto wa bafu la mtaa. Watu walisema ubongo umemkauka. Aliwaacha waseme. Alilala kila siku saa mbili usiku, akakoroma, akanenepa.

Majira ya majani kupukutika, fundi wa tatami, ile mikeka minene ya nyasi inayofunika sakafu, alikuja kuigeuza. Mzee mpole, maneno machache. Alipofika pembe ile, akainua mkeka. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Mama. Njoo."

Juu, mkeka ulikuwa laini. Chini yake nyasi zilikuwa zimebonyea. Mashimo mawili ya magoti. Viganja viwili, vidole vimekutana. Na kati ya viganja, alama ya paji la uso. Vyote vimebonyezwa kutokea chini kwenda juu.

"Ameinama," fundi akanong'ona.

"Alikuwa anaaga," nikasema.

Mzee akaviangalia tena. "Nimekaa na mikeka ya watu maisha yangu yote, Mama. Mgeni anainama hivi mara mbili. Anapoaga. Na anapofika."

Ukumbini Sanae alikuwa peke yake, anasimulia kichekesho. Akafika mwisho. Akanyamaza, shingo kaiinamisha, kama mtu anayesubiri mwenzake acheke.