Jumapili Ambayo Lango Halikufungwa

Mwokaji mikate na familia yake waliishi nyuma ya duka lao. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha kwanza kilikuwa na tanuri, meza ndefu ya kukandia unga, na magunia yaliyopangwa mpaka dirishani. Chumba cha pili ndimo walimolala na kula. Humo pia ndimo mke wake alimoshonea watu nguo kwa cherehani. Siku sita za juma mwokaji alikanda, akaumua, akaoka. Jumapili alipumzika. Lakini kupumzika kwake kulikuwa kulala mpaka mchana, kinywa wazi.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu wa mtaani walimwita Maswali, na jina likamkaa. Juma moja mwalimu aliwafundisha habari za misitu. Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Maswali aliuliza msitu una harufu gani. Aliuliza kama mvua ya msituni inanyesha sawa na mvua ya mtaani. Mama yake alisema hajui. Baba yake alisema anajua, kisha akageuza mazungumzo.

Siku chache baadaye, dereva aliyewaletea unga alisema kuna msitu mdogo nje ya mji, mwendo wa saa moja kwa basi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuingia. Kuna njia ya miguu inayopita kwenye malisho ya mfugaji mmoja, kisha unaingia kwenye miti. Maswali alimsikiliza dereva yule mpaka gunia la mwisho likashuka.

Basi wakaamua kwenda Jumapili. Jumamosi nzima Maswali hakukaa chini. Mama yake alifunga mikate, mayai ya kuchemsha na chupa tatu za maji. Mwokaji alijigamba kwamba wasiwe na wasiwasi, yeye ni mtoto wa shamba.

"Baba Maswali," mkewe akamwambia, "ulitoka shamba ukiwa na miaka miwili, tena mgongoni mwa mama yako."

"Damu haisahau," mwokaji akajibu.

Asubuhi walishuka kwenye basi wakaona malisho mapana, ya kijani, yenye umande. Upande wa pili palisimama msitu, mweusi na mnene, kama ukuta. Maswali alianza kukimbia. Mbele yao palikuwa na lango la mbao lililofungwa kwa mnyororo. Mwokaji akaufungua. Maswali akapita mbio. Mama yake akampita mumewe, huku akimwita mtoto apunguze mwendo. Mwokaji akafuata na kikapu cha chakula mkononi. Alidhani lango hurudi na kujifunga lenyewe. Mkewe alidhani mumewe amelifunga. Lango likabaki wazi.

Msituni walisahau kila kitu. Hewa ilikuwa ya baridi na ilinukia majani mabichi. Jua lilipenya kwa vipande vipande. Maswali aligusa magome ya miti, moja laini, moja lenye mikunjo kama kiwiko cha mzee. Aliona kindi akishuka kwenye shina, kichwa chini, mkia juu. Alimshika mama yake mkono kwa nguvu na hakusema neno. Mama yake alishangaa. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtoto huyu alinyamaza.

Walikuwa wamekaa kwenye gogo, wanamenya mayai, walipomwona mwanamke anakuja kwa haraka. Alivaa viatu virefu vya mpira na alishika fimbo. Aliwasalimu, akasema yeye ndiye mtunza msitu. Kisha akauliza kama walipita malishoni, na nani alifunga lango.

Mwokaji akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama mwokaji. Maswali akatazama yai lake.

Mwokaji angeweza kusema hajui. Hakuna aliyewaona. Lakini mtoto wake alikuwa pale, anasubiri jibu kama kawaida yake.

"Ni mimi, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyefungua. Sikufunga."

Mtunza msitu hakumkaripia. Alieleza kwamba ng'ombe watano walitoka. Wanne wamepatikana barabarani, na ni bahati kwamba hakuna gari lililopita. Wa tano hajaonekana. Anaitwa Madoa, ana mimba, na siku zake zimefika. Alama za kwato zinaonyesha ameingia msituni.

Mfugaji mwenyewe akatokea nyuma yake, amebeba kamba begani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na jasho lilikuwa limelowesha shati lake. Mwokaji alisimama, akasema neno la samahani, kisha lingine.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," mfugaji akasema. "Ninyi mmekuja, mwenyeji ndiye anayeugua."

Alisema hii ni mara ya nne mwaka huu. Wageni huacha lango wazi, yeye hukimbizana na ng'ombe. Amechoka. Ameshaandika barua ya kuomba njia ile ifungwe kabisa, na kesho ataipeleka halmashauri. Mtunza msitu aliinamisha kichwa. Hapakuwa na njia nyingine ya kuingia msituni.

Mke wa mwokaji akaweka yai chini. Alisema hawataondoka mpaka ng'ombe apatikane. Wao ndio waliomtoa, nao watamtafuta. Mfugaji alitazama viatu vyao. Mtunza msitu alimjibia. Alisema macho matatu, hata ya mjini, ni bora kuliko hakuna.

"Macho sita," Maswali akasema. "Kila mtu anayo mawili."

Mfugaji akaguna. Nusu ya mguno ule ilikuwa kicheko.

Kabla hawajaondoka, mtunza msitu aliwapanga. Aliwaambia watembee mmoja nyuma ya mwingine, ili wasikanyage miche michanga pembeni. Wasiitane kwa sauti kubwa, kwa sababu ng'ombe anayetaka kuzaa hujificha, na kelele humsukuma mbali zaidi. Na kubwa kuliko yote, wakimkuta na ndama wasisimame katikati yao.

"Ng'ombe mpole akiwa na ndama si mpole tena," alisema. "Ukisimama kati yake na mtoto wake, atakupitia. Hata kama jana ulimlisha mkononi."

Maswali aliuliza watajuaje alikopita. Mtunza msitu alichutama, akamwonyesha. Alama ya kwato ilikuwa na ncha mbili, na ncha ndiyo inayoonyesha anakokwenda. Jani lililokanyagwa sasa hivi bado ni bichi penye mpasuko. Lililokanyagwa jana limekauka na kukunjamana. Tangu hapo Maswali alitembea ameinama. Kila alama mpya aliionyesha kwa kidole. Mara mbili alikosea. Mara ya tatu aliona unyoya mweupe umenasa kwenye mwiba, na mfugaji akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni wa Madoa.

Walikwenda hivyo karibu saa nzima. Njiani waliona mengi. Waliona uyoga mwekundu kama kitufe, na mwokaji akanyoosha mkono. Mtunza msitu akamzuia, akasema uyoga usioujua usiuguse, kwa maana mwingine unafanana na wa kuliwa lakini unaua. Waliona kijito chembamba chini ya mizizi. Mwokaji, aliyezoea joto la tanuri, alinawa uso kwa maji yale na kusimama kidogo amefumba macho.

Ndipo waliposikia sauti. Ilikuwa ya ng'ombe, lakini si mlio wa malishoni. Ulikuwa mfupi, wa chini, tena na tena.

Mtunza msitu aliinua mkono, wote wakasimama. Kati ya miti miwili walimwona Madoa. Alikuwa amezaa. Lakini alikuwa peke yake ukingoni mwa korongo, anatazama chini. Ndama wake alikuwa ametelezea ndani. Alilala kwenye matope ya kijito, kichwa tu kikiwa juu, anatetemeka.

Mke wa mwokaji alifunika mdomo kwa mkono. Mfugaji alisema kwa sauti ndogo kwamba ndama akikaa kwenye maji ya baridi hatamaliza saa. Yeye hawezi kushuka, kwa sababu lazima amshike Madoa, na Madoa hatakubali kushikwa na mtu mwingine. Ndama ni mzito kama nusu gunia la unga.

"Nusu gunia?" mwokaji akauliza. "Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku."

Mfugaji alimwendea ng'ombe wake kwa ubavuni, taratibu, akimsemesha jina lake. Akamtia kamba, akamvuta nyuma hatua kumi na kumfunga kwenye mti mnene. Hapo ndipo mtunza msitu na mwokaji waliposhuka korongoni kwa upande wa pili. Matope yalimfika mwokaji magotini. Alipitisha mkono mmoja chini ya kifua cha ndama na mwingine nyuma ya mapaja, kama alivyoambiwa, wala hakuvuta mguu. Akainuka naye. Aliteleza mara moja, akapiga goti, lakini ndama hakumwachia. Mtunza msitu alimsukuma kwa nyuma, na mke wake, aliyelala kifudifudi ukingoni, akamshika ukosi wa shati.

"Shati hili nilishona mwenyewe," alimwambia akihema. "Halichaniki. Panda."

Akapanda.

Walimlaza ndama kwenye majani makavu. Mke wa mwokaji alitoa shuka waliyokuja nayo ya kukalia, wakamsugua nayo kwa nguvu, kifuani na mgongoni, mpaka akapiga chafya. Kisha mtunza msitu akawaambia warudi nyuma wote, mbali, na wasiseme neno. Mfugaji akafungua kamba.

Madoa alikuja mbio. Alimnusa ndama, akaanza kumlamba. Alimlamba kichwa, masikio, shingo. Ndama akajaribu kusimama, miguu ikaenda kila mmoja upande wake, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Maswali alikuwa ameuma kidole chake. Mara ya nne ndama akasimama, akapepesuka, akaenda moja kwa moja tumboni mwa mama yake, akaanza kunyonya.

Mwokaji alikuwa amejaa matope mpaka kwenye nyusi, na machozi yalimchorea mistari miwili mashavuni.

Baadaye, Madoa na ndama wake waliporudishwa zizini, mfugaji aliwapa maji ya kunawa. Mtunza msitu aliwaambia wasirudi nyumbani bila kujikagua, kwa sababu kwenye majani marefu kuna kupe. Wakague nyuma ya magoti, kiunoni, na nyuma ya masikio. Kweli, mwokaji alikuwa na kupe mmoja nyuma ya goti. Alitaka kiberiti amchome. Mtunza msitu alikataa. Alieleza kwamba kupe akichomwa au kupakwa mafuta huweza kutapika ndani ya ngozi, na ndiyo njia ya ugonjwa. Alichukua kibanio, akamshika karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole, wima, bila kumzungusha. Kisha mwokaji akaosha mahali pale kwa sabuni. Aliambiwa kwamba akipata homa au baka jekundu katika majuma yanayofuata, aende zahanati na aseme aliumwa na kupe.

"Siku nyingine njoo na suruali ndefu," mtunza msitu akasema, "na uichomeke ndani ya soksi."

Mke wa mwokaji ndiye aliyeuliza swali ambalo hata Maswali aliliogopa. Alimuuliza mfugaji kuhusu ile barua.

Mfugaji alikunja kamba yake. Alisema wageni waliotangulia walikimbia. Kila mara alikuta lango wazi na hakuna mtu. Leo kwa mara ya kwanza mtu amesema ni mimi. Kisha akasema barua itakaa kwanza. Ila kuna jambo moja anataka.

"Mmeniambia ninyi ni watu wa duka," alisema. "Watu wanakuja kwenu kila siku. Waambieni. Lango ukilikuta limefungwa, lifunge ukishapita. Ukilikuta wazi, liache wazi, huenda nimeliacha mwenyewe ng'ombe wanywe maji. Na anayefunga awe mmoja, aliyechaguliwa. Kazi ya wote haina mwenyewe."

Mwokaji aliwaambia. Kila aliyekuja kununua mkate alihadithiwa habari za ndama, na kila siku ndama aliongezeka uzito kidogo. Wengine walikuja kwa hadithi, wakaondoka na mkate. Mkewe alishona suruali tatu za kitambaa kigumu, kisha majirani wakataka za kwao. Baada ya miezi miwili, watu kumi na wanne wa mtaa ule walipanda basi la asubuhi. Walichagua mfunga lango kabla hawajashuka, na ikawa mwalimu wa Maswali. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine. Maganda ya mayai na karatasi zote waliziweka kikapuni, wakarudi nazo. Maswali aliongoza mbele, akiwaonyesha alama za kwato na mahali kindi anaposhukia. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa.

Mchana walitoka msituni wakapita tena malishoni. Ng'ombe wote walikuwepo, wanakula majani. Mfugaji alikuwa amejilaza kivulini mwa ukuta wa zizi, kofia usoni, anakoroma.

Maswali aliuliza kama wamwamshe wamuage.

"Mwache," mtunza msitu, aliyekuwa akiwasindikiza, akamnong'oneza. "Namfahamu mwaka wa sita huu. Siku wageni wakiwepo, sijawahi kumwona akilala."