Maji Yaliposhushwa

Nahla alikataa kutia saini kabla hajaiona miguu ya gati.

Nyumba yenyewe alikwisha kuipenda, sebule yake ya vioo ikitazama bwawa zima. Lakini alikuwa muuguzi, na muuguzi hamruhusu mgonjwa kwenda nyumbani kwa kumtazama uso tu. Aliuliza habari za mafuriko, za kodi, za kibali cha gati. Aliuliza pia vile vigingi vyekundu nyuma ya nyumba ni vya nini. Upande wa juu wa vigingi ardhi ni yako, akaambiwa. Upande wa chini ni ya mamlaka ya bwawa.

Swali moja tu dalali hakulijibu vizuri. Mbona hapa watu hawakai?

"Watu wanahama, dada Nahla. Ndiyo Marekani hii," alisema dalali huyo, Elirehema, Mtanzania mwenzake aliyeishi mji wa Carrollton.

Novemba ile ya 2019 maji yalikuwa yameshushwa ili mageti ya bwawa yatengenezwe. Ndiyo nafasi aliyokuwa akiingoja. Yeye na mumewe, Shuaib, walipofika kutoka Richardson jua lilikuwa linazama.

Ufuo ulikuwa uchi. Tope jeusi lilishuka mpaka kwenye maji yaliyorudi nyuma. Lilikuwa na harufu ambayo Nahla aliijua kazini. Si ya samaki. Ya kidonda kilichofungwa muda mrefu.

Shuaib akakunja suruali, akavuka vigingi. Nahla akamfuata. Elirehema akabaki juu.

"Huji?" Shuaib aliuliza.

"Viatu, shemeji. Vitachafuka."

Alikuwa amevaa mabuti ya mpira.

Shuaib akainama chini ya gati, akagonga nguzo kwa ufunguo wa gari. Ngo… ngo…

"Nzima hizi, Nahla. Wallahi, kama mpya."

Kisha akageuza shingo kuelekea majini.

"Naam?"

Nahla hakuwa amemwita.

"Naam, nakuja," akasema tena, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa na mamake.

"Shuaib… nani huyo?"

Upepo ukakatika. Kisha tope likalia. Chubwi… chubwi… Nyayo zilikuwa zinajichimba zenyewe, zikitoka majini, zikija. Hapakuwa na mtu juu yake.

Zikaishia mgongoni kwa Shuaib.

Akanyooka. Akageuka. Macho yalikuwa yake. Aliyekuwa akitazama kwayo hakuwa yeye.

Aliukamata mtandio wa mkewe, akauzungusha mkononi, akavuta. Nahla akaanguka kifudifudi. Goti likamkaa mgongoni. Uso ukazama kwenye tope, likamjaa puani na kooni. Jino likavunjika juu ya jiwe. Alipoinua kichwa alipata nusu ya pumzi, kikazamishwa tena. Na tena. Shuaib hakuwa na hasira hata kidogo. Alifanya kama mtu anayefua.

Mkono wa Nahla ukapapasa, ukapata kipande cha chuma. Akapiga nyuma bila kuona. Mfupa ukapasuka. Akapiga tena. Uzito ukamtoka mgongoni, naye akatambaa… lakini meno yakazama kwenye shavu la mguu wake, yakang'ang'ania.

"Vuka vigingi!" Elirehema alikuwa akipiga kelele. "Dada, vuka!"

Nahla akamkanyaga mumewe usoni kwa kisigino. Hakuachia. Basi akapanda naye vivyo hivyo, akichimba tope kwa kucha, nyama ikichanika, akimburuta kama mzigo, mpaka kiwiliwili cha Shuaib kilipopita vigingi.

Meno yakalegea.

Shuaib akatapika maji meusi, mengi kuliko tumbo la binadamu. Kisha akashika bega lililovunjika, akaanza kulia.

"Nahla… nani kakupiga?"

Nahla akanyanyuka kwa mguu mmoja. Alimshika Elirehema kola, damu ikimdondoka kidevuni.

"Ulijua."

"Maji yakijaa hakuna neno," Elirehema alinong'ona. "Watu wanaogelea, wanachoma nyama. Yakishushwa ndiyo… Mwenye nyumba wa kwanza alimzamisha mkewe pale pale. Aliyemfuata, wanawe. Wote walisema waliitwa."

"Na nani?"

"Sijui. Jirani anasema kitu hicho kilikuwepo kabla ya bwawa. Maji yakipungua kinakosa pa kukaa. Kinatafuta mtu."

"Na ulitaka kutuuzia."

Elirehema akatazama mabuti yake.

Hospitalini walisema wameteleza. Nyumba hawakuinunua. Bega la Shuaib likapona, ila hakukumbuka lolote, naye Nahla akahamia chumba cha wageni kwa kisingizio cha kukoroma.

Ilipofika masika, Elirehema akapiga simu kuomba radhi. Alizungukazunguka sana, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jambo jingine, dada. Lile bwawa bado halijajaa, nalo ndilo linalonywesha miji ya huku. Kwako na kwangu. Mimi siku hizi nanunua ya chupa."

Jioni ile Nahla alirudi nyumbani na maboksi ya maji. Alimkuta Shuaib jikoni, bomba limefunguliwa mpaka mwisho. Alikuwa anakunywa, anajaza, anakunywa, shati lote limelowa.

"Kiu gani hiyo, mume wangu?"

Shuaib akageuka taratibu, akatabasamu.

"Matamu. Onja."

Akamsogezea glasi mdomoni, kwa upole kabisa. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshamshika kisogo.